Jirani Majini: Timu za Kuogelea za Likizo, Mipaka ya Ujirani na Kiswahili cha Ukingoni mwa Bwawa, Kinyinya (Kigali)

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utamaduni wa kijamii unaozizunguka timu za watoto za kuogelea za mtaani wakati wa likizo ndefu, yakiuangalia kwa karibu umurenge wa Kinyinya, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Hoja yake ni kwamba timu ya namna hii humfundisha mtoto nani ni jirani yake, na kwamba jibu la swali hilo huamuliwa kabla mtoto hajaingia majini na mambo mawili: bwawa limefungamanishwa na kitu gani, na ukingoni mwake husemwa lugha gani. Mfano wa ligi za mitaa za Virginia na Maryland nchini Marekani unatumiwa kuonyesha mvuto wa utamaduni huu pamoja na hatari yake. Makala yanatoa mapendekezo machache kwa wapangaji wa makazi na wa sera ya lugha.

Majira yasiyo na jina moja

Anayetaka kuandika kwa Kiswahili kuhusu kuogelea kwa "majira ya joto" mjini Kigali hukwama kabla hajalowa. Miezi ya Julai na Agosti Mnyarwanda huiita impeshyi, yaani msimu mkavu, wa vumbi jekundu na majani yaliyokauka. Mtu wa pwani miezi hiyohiyo huiita kipupwe, majira ya ubaridi. Neno kiangazi linakaribia kufaa kwa kuwa limebeba ukavu, lakini masikioni mwa mtu wa Mombasa au Unguja limebeba pia jua kali la Januari. Kigali imekaa juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa impeshyi huwa na ubaridi, na bwawa lisilopashwa moto huamka na maji yanayomfanya mtoto atetemeke midomo saa mbili asubuhi. Kwa hiyo katika makala haya nitasema "likizo ya impeshyi", kwa kuwa ndilo jina la wenyeji na ndilo lisilodanganya.

Likizo hiyo yenyewe ni jambo jipya. Kabla ya janga la KOVIDI-19, mwaka wa shule nchini Rwanda ulianza mwanzoni mwa mwaka wa kalenda na kumalizika mwezi wa Novemba, hivyo mapumziko marefu yakaangukia kwenye mvua za umuhindo na sherehe za mwisho wa mwaka. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa tena kwa awamu kuanzia mwisho wa mwaka huo, na kalenda ikasogea. Sasa mwaka wa shule huanza Septemba na kumalizika mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Hakuna aliyeipanga kalenda hii kwa ajili ya waogeleaji. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba watoto wa Kigali wana wiki nane au zaidi za mapumziko katika kipindi ambacho mvua hainyeshi, na wazazi wengi bado wako kazini. Swali la mtoto aende wapi mchana ndilo linalozaa masomo ya kuogelea ya likizo, na ndilo linaloweza kuzaa timu.

Kuogelea kwa mashindano nchini Rwanda kumekulia zaidi penye maji ya asili. Klabu za Rubavu na Karongi ziko kando ya Ziwa Kivu, na Jackson Niyomugabo, aliyeiwakilisha Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012, ni mtoto wa ziwa hilo. Kigali haina ziwa la namna hiyo. Ina mabwawa ya klabu kama Cercle Sportif de Kigali iliyoko Rugunga, ya hoteli, ya shule na ya makazi binafsi. Kutoka ziwani hadi bwawani kuna hatua kubwa kuliko inavyoonekana. Ziwa halina mlango, lakini bwawa lina mlango, na mlangoni pana mtu.

Kinachofanyika ukingoni

Mfano unaojulikana zaidi wa timu za mtaani za likizo uko nje ya bara letu, katika vitongoji vinavyouzunguka mji mkuu wa Marekani. Ligi ya kuogelea ya Virginia ya Kaskazini ilianzishwa mwaka 1956, na ile ya wilaya ya Montgomery, Maryland, mwaka 1958. Hadi leo, shule zinapofungwa mwezi Juni, kila mtaa wenye bwawa hukusanya watoto wake, wakapewa kofia za rangi moja, na Jumamosi asubuhi mtaa mmoja hukutana na mwingine. Watoto hugawanywa kwa umri: wenye miaka 8 na chini yake, kisha 9 hadi 10, na kuendelea hadi 18. Wadogo huogelea urefu mmoja wa mita 25, wakubwa mita 50, na mwisho huwa ni kupokezana, watoto wanne kwa kila timu. Mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti msimu wote umekwisha.

Linalostahili kuangaliwa na mtafiti wa jamii ni wale walio nje ya maji. Timu hizi huendeshwa na wazazi. Mzazi mmoja hushika saa ya kupimia muda kwenye njia ya tatu, mwingine huandika matokeo, mwingine huwapanga watoto wa miaka saba wasioweza kukaa kwenye foleni, mwingine huchoma nyama. Asiyejua chochote kuhusu kuogelea hufundishwa kushika saa kwa dakika kumi, na kuanzia hapo ana kazi katika mtaa wake. Aidha, mashindano haya humruhusu mtoto wa mwisho kushinda, kwa maana ya kwamba huulizwa amepunguza sekunde ngapi kutoka juma lililopita. Huo ni ushindani wenye huruma ndani yake, na sioni aibu kusema kwamba unapendeza.

Je, haya yana mzizi gani Kinyinya? Ligi ya aina hiyo haipo, lakini mazoea inayoyahitaji yapo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, ambapo wakazi wa umudugudu hutoka kufanya kazi ya pamoja na baadaye huketi kuzungumza. Tangu mwaka 2016 jiji limekuwa na siku za Jumapili ambapo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari na kuachiwa watembeao, wakimbiao na waendeshao baiskeli. Iko pia programu ya Intore mu biruhuko, inayowakusanya watoto wakati wa likizo kwa michezo na mafunzo ya maadili. Mzazi wa Kinyinya, basi, hahitaji kuelezwa kazi ya kujitolea na majirani ni kitu gani. Anachokosa ni bwawa ambalo umudugudu unaweza kuliita lake.

Ziko dalili nyingine ndogo. Katika masomo ya likizo wazazi wanaokaa kwenye viti vya plastiki kando ya bwawa hufahamiana kwa majina ya watoto: Mama Keza, Baba Ganza. Desturi hii Kinyarwanda na Kiswahili vinaigawana, na hufanya kazi kubwa kuliko heshima peke yake. Humwezesha mtu aliyehamia mwezi uliopita kutoka Goma, Bujumbura au Kampala kuwa na jina mtaani bila kueleza ukoo wake wala historia yake. Katika mji ambao wakazi wake wengi wamerejea au wamehamia kutoka pande tofauti za eneo la Maziwa Makuu, jina linalotokana na mtoto ni hifadhi.

Bwawa la nani?

Sasa tuugeuze mfano wa Marekani tuone mgongo wake. Mabwawa mengi ya mitaa yaliyozaa ligi hizo yalijengwa na vyama vya wakazi katika miaka ya 1950, na uanachama wake ulifungamanishwa na makazi. Kwa maneno ya wazi: anayenunua au kupanga nyumba ndani ya eneo fulani ana haki ya bwawa. Kanuni hiyo inasikika kuwa ya haki kabisa. Mahakama Kuu ya Marekani ilionyesha jinsi inavyoweza kugeuzwa. Katika shauri la Sullivan dhidi ya Little Hunting Park, lililoamuliwa mwaka 1969 na lililotoka wilaya ya Fairfax, Virginia, mwenye nyumba alimpangisha Mmarekani mweusi na kumkabidhi hisa ya kutumia bustani na viwanja vya mtaa. Bodi ya chama ilikataa kumpokea mpangaji kwa sababu ya rangi yake, kisha ikamfukuza mwenye nyumba alipolalamika. Mwaka 1973, katika shauri la Tillman dhidi ya Wheaton-Haven, lililotoka Maryland, bwawa lilipokea wakazi wa umbali wa robo tatu ya maili kutoka lilipo, ila weusi. Katika mashauri yote mawili mahakama iliwapa haki waliozuiwa, na katika la pili iliona kwamba chama kilichofungua mlango wake kwa kila mzungu aliye ndani ya mpaka hakiwezi kujiita klabu ya faragha.

Tazama miaka: ligi zilikuwa zimeanza zaidi ya muongo mmoja kabla. Watoto wa upande mmoja walikuwa wakijifunza ujirani kila Jumamosi asubuhi, kwa kofia za rangi moja, na watoto wa upande wa pili walikuwa wakijifunza jambo hilohilo kwa kusikia kelele za bwawa kutoka nje ya uzio. Timu ya mtaa hufundisha pande zote mbili za ukuta.

Kinyinya haina historia ya rangi ya namna hiyo, na kufananisha moja kwa moja kungekuwa uzembe. Ila ina kuta. Huu ni umurenge uliokua upesi sana katika miongo miwili iliyopita. Gacuriro ina makazi yaliyopangwa, yakiwamo ya Vision City. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika akagari ka Kagugu, kuna nyumba za kupanga za wafanyakazi, walinzi, mafundi na wauza duka. Watoto wa pande hizi hukutana barabarani, kanisani, msikitini, pengine sokoni. Mara chache hukutana wakiwa na kazi moja ya kufanya. Kama bwawa litajengwa likiwa sehemu ya nyumba, yaani kama huduma anayolipia mkazi wa makazi fulani kwenye ada ya kila mwezi, timu itakayozaliwa itaitwa ya mtaa lakini itakuwa ya uzio.

Jambo hili lina wakati wake, na wakati ni huu. Kilima cha Kinyinya kilikuwa na kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle tangu miaka ya 1960 hadi kilipofungwa mwaka 2015. Kwa takriban nusu karne idhaa za redio hiyo, ya Kiswahili ikiwamo, zilisafiri kwenda mbali kutoka kwenye milingoti iliyosimama hapo. (Watafiti wa historia ya Kiswahili wanakitaja Nyamirambo kila mara wanapoizungumzia Kigali, lakini kilima hiki huwasahaulika.) Sasa kilima hichohicho ndicho kilichochaguliwa kwa mradi wa Green City Kigali, unaokusudia makazi rafiki kwa mazingira na yenye bei zinazotofautiana. Michoro ya mitaa mipya ndiyo mahali pa kuamua kama bwawa litahesabiwa pamoja na shule na zahanati, au pamoja na maegesho ya magari ya wakazi. Baada ya saruji kukauka, uamuzi huo hauna wa kuubadilisha.

Lipo pia suala la uhai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto walio chini ya miaka 5, na zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hupendekeza watoto wa umri wa shule wafundishwe stadi za msingi za kuogelea, usalama wa majini na uokoaji salama. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji, tarehe inayoangukia katikati ya impeshyi. Mtoto anayekaa mbali na bwawa ndiye pia anayekutana na maji yasiyo na mlinzi: ziwani anapokwenda likizo kwa bibi, mtoni, kwenye shimo lililoachwa na wachimba udongo. Hivyo hoja ya nani aingie timu haiishii kwenye burudani.

Koga, kuoga, kuogelea

Tufike kwenye lugha, ambako mtafiti wa fani yangu anatakiwa awe na la kusema. Kinyarwanda kina kitenzi koga, kinachobeba maana ya kuogelea na ya kuoga. Kiswahili kimezitenga maana hizo mbili kwa mnyambuliko: kuoga ni kujisafisha kwa maji, kuogelea ni kwenda majini kwa mikono na miguu. Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili hubeba kitenzi chake mzimamzima. "Mwanangu anapenda sana kuoga," atasema mzazi kwa fahari, na Mtanzania aliyeketi karibu naye atajiuliza ni jambo gani la ajabu hilo. Kosa hili huchekesha, na ucheko wake ukingoni mwa bwawa ni mwanzo mzuri wa urafiki. Hata hivyo, lina upande wa pili. Pale mchezo na usafi vinapoitwa kwa kitenzi kimoja, mzazi aliyekulia mlimani anaweza kudhani kwamba mtoto aliyezoea kujimwagia maji, au kucheza kwenye maji ya magotini, anajua koga. Uwezo wa kuelea, wa kugeuka chali na kuvuta pumzi, wa kurudi ukingoni bila kushika kitu, hauna jina la kawaida linaloutenga.

Kiswahili kina hazina hapa, na tumeiacha ilale. Kuelea, kuzama, kuzamia, kupiga mbizi, kutapatapa: haya ni maneno ya watu walioishi na bahari, na kila moja hutaja hali ambayo mwalimu wa kuogelea anahitaji kuitenganisha na nyingine. Kifudifudi na chali humwelekeza mtoto mwili wake ukaeje kwa neno mojamoja. Kinyarwanda nacho kina usemi wake mzuri, gusoma nkeri, kwa mtu anayemeza maji akiwa anazidiwa. Pamoja na utajiri huo, majina ya mitindo ya mashindano yanayotumika Kigali ni ya Kifaransa au ya Kiingereza kutegemea mwalimu alisomea wapi, na magazeti ya Kiswahili ya Tanzania na Kenya mara nyingi huyaacha ya Kiingereza kama yalivyo. Sioni sababu ya kuchelewa kukubaliana juu ya chali, kifua, kipepeo na mtindo huru. Kupokezana tunako tayari kutoka riadha.

Tukumbuke hali ya kisheria. Sheria ya mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne nchini Rwanda, baada ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, kwa matumizi ya kiutawala na katika baadhi ya nyaraka inapobidi. Tangu hapo mjadala wetu katika makongamano kama hili umekuwa juu ya bunge, mahakama na mitaala. Hizo ni nyanja halali, lakini ni nyanja ambamo mtoto wa miaka tisa hasemi. Lugha hupata wasemaji inapokuwa na kazi isiyoweza kusubiri, na kazi za bwawani hazisubiri. Amri ya kutoka majini lazima ieleweke na mtoto wa mwanadiplomasia wa Kenya, wa mfanyabiashara wa Bukavu na wa fundi wa Kagugu kwa sekunde ileile. Kwa wengi Kinyarwanda kitatosha, na ndicho kinachopaswa kutangulia. Kiingereza cha shule kitawafikia wanaosoma shule zinazokifundisha vizuri. Kiswahili kinaweza kuwafikia wale wanaobaki, hasa wazazi na walezi waliotoka Kongo Mashariki, Burundi na Tanzania, na kinaweza kufanya hivyo bila kumtia mtu aibu ya elimu yake. Yaya aliyemleta mtoto bwawani ana haki ya kuelewa kinachosemwa kuhusu mtoto huyo.

Hapo Zanzibar inatupatia funzo la karibu kuliko Virginia. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha kuogelea watoto, wakiwamo wasichana wa shule ya msingi ya Kijini, kwa mavazi yanayofunika mwili wote, na somo likawa la kujiokoa kabla ya kuwa la mbio. Waliouendesha mradi waliuanza na kizuizi chenyewe, yaani vazi, wakakiondoa, ndipo wasichana wakaingia baharini. Kwa familia za Kiislamu za Kigali kanuni ya mavazi iliyobandikwa mlangoni mwa bwawa inaweza kuwa uzio mrefu kuliko ada.

Mambo ya kuamua

Mapendekezo yangu kwa washauri wa sera ni machache. La kwanza linawahusu wapangaji wa jiji: katika makazi mapya ya Kinyinya, bwawa lolote litakalojengwa kwa ardhi au fedha za umma lifungamanishwe na akagari, si na nyumba, na saa za asubuhi za likizo ya impeshyi zitengwe kwa ajili ya watoto wa midugudu yote inayolizunguka. Bwawa la binafsi haliwezi kulazimishwa, ila linaweza kukodishwa. Mabwawa mengi ya hoteli hayana watu asubuhi za siku za kazi. Programu ya Intore mu biruhuko tayari ina orodha ya watoto na wasimamizi, hivyo hakuna haja ya kuunda chombo kipya.

La pili linawahusu wanalugha. Inteko y'Umuco kwa upande wa Kinyarwanda na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kwa upande wa Kiswahili zingeweza kukaa pamoja na shirikisho la kuogelea na kutoa orodha fupi ya istilahi za majini kwa lugha zote nne rasmi, ukurasa mmoja tu, ikianza na amri za usalama na kumalizia na majina ya mitindo. Orodha hiyo ijaribiwe kwanza kwa sauti, bwawani, penye kelele za watoto, kwa sababu istilahi inayosomeka vizuri mezani inaweza kumezwa na mwangwi wa maji. Maneno mafupi yenye vokali wazi, kama toka, shika na chali, yana nafasi kubwa ya kusikika kuliko vifungu virefu.

La tatu ni la mlangoni. Kibao cha kanuni za bwawa kiandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili juu, Kiingereza na Kifaransa chini, na mstari wake wa kwanza uwe ni kina cha maji kwa mita, upande wa kina kifupi na upande wa kina kirefu. Katika vibao vingi nilivyovisoma mstari wa kwanza huwa ni bei.